Askari kanzu ndani ya joho la Klan

Kila vijana wenye mapanga wanapozuka Kisauni au Likoni, barazani huulizwa swali lile lile: serikali ina askari kanzu kila kona, mbona hakuna aliyejua mapema? Na watu hao hao, likipita juma moja tu, utawasikia wakinong'onezana juu ya mgeni aliyeanza kusali safu ya mbele na ana maswali mengi kuliko salamu. Tunamtaka mpelelezi, na tunamwogopa. Yote mawili yana sababu zake. Haki Africa na MUHURI wamekuwa kwa miaka mingi wakiandika habari za vijana wa Pwani waliochukuliwa na watu waliovaa kiraia na wasionekane tena. Mtu akikwambia hamwamini askari kanzu, usimwone mjinga.

Leo naomba tulitazame jambo hili kwa mbali kidogo, mahali ambapo mafaili yamefunguliwa, mashahidi wamesimama mahakamani na baadhi ya wahusika wameandika vitabu. Ni Marekani, na kundi lenyewe ni Ku Klux Klan.

Klan ilianzishwa katika mji mdogo wa Pulaski, jimbo la Tennessee, baada tu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865. Waanzilishi walikuwa maafisa sita wa jeshi la Kusini, jeshi lililoshindwa. Walijitungia jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya duara, wakajipa vyeo vya kutisha watoto: Mchawi Mkuu, Joka Kuu na mengine ya namna hiyo. Majoho, kofia za kufunika uso, kiapo, nywila. Mwanzo ilifanana na mzaha wa vijana wasio na kazi, lakini haikuchukua muda ikawa kundi la kuvamia usiku nyumba za watu weusi walioachiwa huru kutoka utumwani, kumchapa viboko aliyepiga kura, kumuua aliyethubutu kugombea cheo, kuchoma shule.

Wenyewe walijiita walinzi wa amani. Na hapa ndipo sisi tunapoweza kuelewa haraka, kwa kuwa Kiswahili kina neno la raia wanaojitwalia kazi ya polisi: sungusungu, wale chungu weusi wanaotembea kwa msururu na kuuma kwa pamoja. Sungusungu wa vijijini Tanzania walianza wakijulikana kwa sura na majina, wakisaka wezi wa ng'ombe. Kundi likishaanza kuficha uso na kula kiapo, huwa limekuwa kitu kingine. Mwezi wa Oktoba 2010 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku makundi 33, kwenye orodha ile walikuwemo Sungusungu na pia Kaya Bombo Youth. Wazee wa Likoni hawahitaji kuelezwa kiapo cha msituni kina maana gani. Waliyaona ya Agosti 1997.

Serikali ya Marekani ilijaribu mapema kuingiza watu wake ndani ya Klan. Mwaka 1871, Rais Ulysses Grant alipopata sheria ya kupambana na kundi hilo, mkuu wa Secret Service wa wakati huo, Hiram Whitley, alituma makachero Kusini wakijifanya watu wa kawaida ili wajue nani ni nani. Kundi lile la kwanza likavunjika. Likafufuliwa mwaka 1915 huko Georgia, na miaka ya 1920 likawa na wanachama kwa mamilioni, wakiwemo majaji, mashirifu na wachungaji. Safari hii chuki ilikuwa imepanuliwa: pamoja na watu weusi waliingizwa Mayahudi, Wakatoliki na wageni.

Sasa, kundi la siri lina udhaifu mmoja lisioweza kuuponya. Lazima lipate wanachama wapya, na kila mwanachama mpya ni mtu usiyemjua anayepita mlangoni. Likifunga mlango linakufa kwa uzee, likiufungua huenda anayeingia ni askari.

Mwezi wa Oktoba 1978, katika mji wa Colorado Springs, kachero mmoja alikuwa akisoma gazeti la mji kazini kama alivyozoea. Kwenye matangazo madogo, yale ya kuuza gari kuukuu na kukodisha vyumba, akaona tangazo la Ku Klux Klan likitoa anwani ya sanduku la posta kwa anayetaka maelezo. Kachero huyo ni Ron Stallworth, mtu mweusi wa kwanza kuwa kachero katika polisi ya mji huo. Akaandika barua akijifanya Mzungu mwenye chuki. Alichosahau ni kutumia jina la uongo: alitia sahihi jina lake halisi. Wiki mbili hivi baadaye simu ikalia. Msimamizi wa Klan mjini hapo alitaka kujua kwa nini Bwana Stallworth anataka kujiunga.

Stallworth alimjibu kwa uongo uliotayarishwa papo hapo, kwamba dada yake anatembea na mwanamume mweusi na jambo hilo linamkera. Yule bwana akafurahi. Akataka waonane.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na filamu iliyotengenezwa baadaye imeieleza kwa haraka mno. Mtu mweusi hawezi kwenda kuonana na Klan. Kwa hiyo polisi walimtafuta afisa Mzungu wa kitengo cha dawa za kulevya, ambaye Stallworth katika kitabu chake anamwita Chuck. Kwenye simu alikuwa Stallworth mwenyewe. Kwenye mikutano alikwenda Chuck, akiwa na kinasa sauti mwilini, na Stallworth akisikiliza kutoka ndani ya gari lililoegeshwa karibu. Watu wawili, jina moja. Baada ya kila mkutano Chuck ilimbidi asimulie kila kitu, nani alikaa wapi, nani alicheka, ahadi gani ilitolewa, ili simu ya siku ya pili isije ikapishana na yaliyosemwa ana kwa ana. Kuna siku msimamizi yule alistuka kwamba sauti ya kwenye simu si ile aliyoisikia mkutanoni. Stallworth akasema anaumwa na mafua. Akapewa ushauri wa dawa.

Utacheka, lakini angalia lile jambo lilivyokuwa. Watu wale walikuwa wameamini kwamba mtu mweusi hawezi kusema Kiingereza kama wao, basi hawakuwa na sababu ya kumshuku. Kadi yake ya uanachama ilipochelewa, Stallworth alipiga simu makao makuu, Louisiana, na aliyeipokea alikuwa David Duke mwenyewe, mkuu wa Klan. Wakazoeana. Stallworth anasema alimuuliza Duke kama haogopi kwamba siku moja mtu mweusi atampigia akijifanya Mzungu. Duke akamhakikishia kwamba haiwezekani, yeye huwatambua kwa namna wanavyotamka maneno fulani. Kadi ikaja.

Duke huyu ndiye aliyeivua Klan joho na kuivisha suti. Alikataa kuitwa Mchawi Mkuu, akajiita mkurugenzi wa taifa, na mbele ya kamera alizungumza kwa upole kama mwalimu wa chuo. Miaka kumi baadaye, 1989, alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo la Louisiana. Alipozuru Colorado Springs Januari 1979, kulikuwa na vitisho dhidi yake, na mkuu wa polisi akahitaji askari wa kumlinda. Askari aliyepatikana siku hiyo alikuwa Stallworth. Alimweleza Duke wazi kwamba hakubaliani na siasa zake ila atamlinda kwa kuwa ndiyo kazi. Kisha akaomba picha ya kumbukumbu, akasimama katikati ya Duke na kiongozi wa Klan wa Colorado, na kamera ilipobonyezwa akawatia mikono mabegani. Duke alijaribu kuinyakua ile picha. Akaonywa kwamba kumgusa askari ni kosa la jela.

Hayo ni ya kusimulia kwenye kahawa. Faida halisi ilikuwa ya kimya. Kwa miezi kadhaa polisi walijua siku ambazo Klan ilipanga kuchoma misalaba, na doria zikaongezwa sehemu hizo. Stallworth anasisitiza kwamba hakuna msalaba uliochomwa mjini humo wakati wa upelelezi ule. Iligunduliwa pia kwamba baadhi ya wanachama walikuwa wanajeshi, na kwamba wengine walifanya kazi NORAD, kituo kinacholinda anga la Marekani dhidi ya makombora. Hao wakahamishwa.

Mwisho wake ulikuwa wa ajabu. Msimamizi wa mji alikuwa anaondoka, na wanachama wakapendekeza nafasi yake ichukuliwe na yule ndugu mwaminifu, Ron Stallworth. Mkuu wa polisi akaona imetosha. Akaamuru upelelezi usitishwe na makaratasi yaharibiwe, maana hakutaka mji ujue kwamba maafisa wake walikuwa wanachama wa Klan. Stallworth alichukua baadhi ya makaratasi akaenda nayo nyumbani, na habari hii haikujulikana hadi alipoieleza gazeti moja la Utah mwaka 2006, akiwa amestaafu. Kitabu chake kilitoka 2014, na filamu ya Spike Lee 2018.

Filamu ilipotoka si wote waliopiga makofi. Mtengenezaji filamu mwenzake, Boots Riley, aliishambulia kwa kuwafanya polisi mashujaa. Na kuna jambo ambalo Stallworth mwenyewe halifichi: kazi yake ya kwanza ya siri haikuwa Klan. Alitumwa kumsikiliza Stokely Carmichael, mwanaharakati mweusi ambaye baadaye aliitwa Kwame Ture na kuishi Guinea, alipokuja kuhutubia mjini. Kinasa sauti kile kile na ofisi ile ile, ila safari hiyo waliokuwa wakisikilizwa ni watu wasiomvamia mtu usiku. Mimi nadhani hili ndilo la kuulizwa kwanza kuhusu mpelelezi yeyote: ametumwa kwa sababu ya vitendo, au kwa sababu ya maneno?

Dini yetu haikuliacha suala hili. Surat al-Hujurat imekataza tajassus, kuchunguzana siri na aibu. Nimewahi kusikia watu wakiitumia aya hiyo kana kwamba kila upelelezi ni haramu, hata wa muuaji. Lakini tunayo pia habari ya Hudhayfa bin al-Yaman, r.a., katika usiku wa baridi na upepo wa vita vya Khandaq. Mtume, s.a.w., alimtuma aingie kambi ya maadui alete habari, na akamwekea mpaka: asifanye jambo lolote la kuwachokoza. Hudhayfa alifika karibu na Abu Sufyan kiasi cha kuweza kumpiga mshale, akaweka mshale kwenye upinde, akakumbuka agizo, akaurudisha. Alikwenda kuleta habari, akarudi na habari. Ukilishika hilo, utaona kwa nini mtu wa pili ninayemtaja leo alikuwa balaa.

Gary Thomas Rowe hakuwa polisi. Alikuwa mtu mgomvi wa Alabama ambaye FBI ilimwajiri mwaka 1960 aingie Klan ya Birmingham na kuleta habari kwa malipo. Habari alileta, tena nzito. Mwaka 1961 wanaharakati weusi na weupe walipokuwa wakisafiri pamoja kwa mabasi kupinga ubaguzi, Rowe aliwaarifu FBI mapema kwamba polisi wa Birmingham wamekubaliana na Klan: watawaachia dakika 15 za kuwapiga abiria kabla hawajafika. FBI haikuzuia. Tarehe 14 Mei basi lilifika kituoni, na watu wakapigwa kwa mabomba ya chuma. Rowe alikuwa miongoni mwa waliopiga. Picha ya mwandishi wa gazeti ilimnasa, na aliendelea kulipwa.

Tarehe 25 Machi 1965, baada ya maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery, mama wa watoto watano kutoka Detroit, Viola Liuzzo, alikuwa akiwabeba waandamanaji kwa gari lake. Gari la Klan lenye watu wanne lilimfuata barabarani, likawa sambamba naye, akapigwa risasi kichwani akafa. Mmoja wa wale wanne alikuwa Rowe.

Siku ya pili Rais Lyndon Johnson alitokea kwenye televisheni kutangaza kwamba washukiwa wamekamatwa. Watu walistaajabia kasi ile. Sababu ilikuwa rahisi, shahidi alikuwa ndani ya gari. Jopo la Wazungu wa Alabama lilimwachilia mmoja wa washtakiwa wa mauaji, lakini mwezi wa Desemba mahakama ya serikali kuu iliwafunga watu watatu miaka 10 kila mmoja kwa kuvunja haki za kiraia, na ushahidi wa Rowe ndio uliowafunga. Kwa hesabu ya FBI, kazi ilizaa matunda.

Familia ya Liuzzo ilikuwa na hesabu nyingine. FBI ikiongozwa na J. Edgar Hoover ilianza kusambaza uvumi kumchafua marehemu, kwamba ni mwanamke mhuni na mtumiaji wa dawa za kulevya. Shabaha ilikuwa watu wasiulize mtu wa FBI alikuwa akifanya nini ndani ya gari la wauaji. Watoto walikua wakisikia mama yao akitukanwa, na uongo huo ukathibitika kuwa uongo miaka mingi baadaye, mafaili yalipotolewa. Mwaka 1975 Rowe alihojiwa na kamati ya Seneti akiwa amefunikwa kichwa asijulikane sura. Mwaka 1978 Alabama ikamshtaki yeye kwa mauaji yale, lakini hakupelekwa huko kusimama kizimbani. Watoto wa Liuzzo wakaishtaki serikali wakidai fidia, na mwaka 1983 jaji akawanyima.

Angekuwa Hudhayfa, nadhani, angeshuka kwenye gari lile mapema. Lakini Rowe alilipwa kwa habari, na habari nzuri hupatikana kwa kukaa karibu, na ukikaa karibu na watu wanaopiga utaambiwa upige. Kundi la aina hii huwapima watu wake hivyo hivyo: kiapo peke yake hakitoshi, lazima mkono uingie damuni. Ofisi inayomtuma mtu humo bila kumwekea mpaka imeshaamua nini kitatokea, hata kama haijaandika.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Huko Florida, askari jeshi wa zamani anayeitwa Joseph Moore aliingia Klan kwa niaba ya FBI, kisha akaombwa na wanachama watatu wamsaidie kumuua mfungwa wa zamani, mtu mweusi. Watatu hao walikuwa walinzi wa gereza, wawili wakiwa bado kazini. FBI ilimchukua yule aliyelengwa, ikamweka salama, ikapiga picha akiwa amelala chini kana kwamba ameuawa. Moore akawaonyesha wale watu picha hiyo huku akinasa sauti. Walifurahi, na furaha yao ikachezwa mahakamani. Wawili walifungwa miaka 12, na mmoja aliyekiri akapata minne. Mtu aliyekusudiwa kuuawa alibaki hai.

Na kuna upande wa tatu, unaotuhusu Waislamu moja kwa moja. Mwaka 2006, mjini Irvine, California, mtu aliyejiita Farouk al-Aziz alitoa shahada msikitini na kupokewa kwa takbira. Jina lake ni Craig Monteilh, mtu aliyewahi kufungwa, na alikuwa akilipwa na FBI. Alivaa kanzu na akanasa mazungumzo ya watu kwa kifaa kilichofichwa kwenye kishikizo cha funguo. Hakupata njama. Basi akaanza yeye kuwazungumzia waumini habari za mabomu. Waumini wakafanya lile ambalo serikali siku zote inatuambia tulifanye: wakamripoti kwa FBI. Mwaka 2007 wakapata pia amri ya mahakama ya kumzuia asiukaribie msikiti.

Kwa Stallworth kulikuwa na kundi lenye tangazo, kadi na mpango wa kuchoma misalaba. Irvine kulikuwa na watu wanaosali. Njia zinafanana, na hata vyombo vinafanana, kwa hiyo ukimtazama mpelelezi peke yake hutajua tofauti. Utaijua ukimtazama aliyemtuma: alikuwa na sababu gani mkononi kabla ya kumtuma, alimwandikia asifanye nini, na makaratasi yako wapi leo. Hapa kwetu maswali hayo matatu huulizwa mara chache sana, hata na mawakili, kwa kuwa mashahidi wengi wa polisi wa siri hawafiki kabisa kizimbani.

Waumini watatu wa California waliyauliza. Waliishtaki FBI, na kesi yao ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Serikali ilijibu kwamba sababu za upelelezi ule ni siri ya dola na haziwezi kutolewa mahakamani. Tarehe 4 Machi 2022 majaji wote tisa walikubaliana kwamba serikali bado inaruhusiwa kudai siri hiyo, wakairudisha kesi mahakama ya chini.